Usingizi wa Khadra

Juba, 9 Februari 2025

Dada yangu Muhubo,

Asalaam aleikum, abaayo. Huku hatujambo kwa uwezo wa Mungu, na nyinyi je, wewe na binti yako Intisar? Mvua imenyesha Isiolo? Hapa hatujaona hata wingu. Mwanangu Mohamedamin bado yuko Kampala anasoma, anakusalimu sana. Sauti yake imekuwa nzito hadi akinipigia nadhani ni marehemu baba amefufuka. Duka la nguo pale soko la Custom linaenda. Nimepata baati mpya, yale magauni mapana ya kulalia, za pamba nyepesi, nimekuwekea mbili kwenye kifurushi anachokuletea Kusow. Lori lake linarudi Kenya kesho, na amesema atapita Isiolo kuwaona watu wake.

Utauliza kwa nini naandika barua siku hizi za simu. Wewe simu unaipokea kwa spika huku ukipika, na jirani yako anajibu kabla yako. Mimi nikiongea dukani, soko zima linasikia. Jambo hili si la spika.

Silali, Muhubo. Nalala kidogo, halafu joto linaniamsha. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni hadi masikioni, kama mtu amefunua sufuria ya wali karibu na uso wangu. Nguo inalowa chapachapa. Likipita naanza kutetemeka kwa baridi, hapa Juba ambapo hata mbuzi wanahema. Nikishaamka ndio basi, nabaki nikitazama chandarua hadi adhana. Hedhi imekuwa ikija inavyotaka tangu mwaka juzi, na sasa ni miezi sijaiona.

Robinah, yule Mganda anayeshona magauni katika kibanda kilichopakana na changu, aliniona nikijipepea kwa kadibodi. Akasema, "Mama Mohamed, wewe iko na ile joto ya wamama. Mimi pia iko nayo. Mzee yangu anasema yeye analala na jiko." Nikacheka naye. Halafu nikaingia nyuma ya marobota ya nguo nikalia, na sijui nililia nini.

Wewe ulishapita njia hii. Ulilalaje? Niambie kama mama angeniambia.

Mdogo wako asiyelala,
Khadra


Isiolo, 3 Machi 2025

Khadra wangu,

Wa aleikum salaam, na Ramadhani njema. Baati nimezipata. Ile ya kijani Intisar ameshaichukua, eti imemkaa vizuri kuliko mimi, na ni kweli. Mvua hakuna, ngamia wamepelekwa mbali, maziwa yamepungua. Siku hizi sibebi tena madumu ya maziwa hadi stendi. Intisar ndiye anayehangaika, mimi nakaa kivulini nawapangia watu kazi kama chifu.

Sasa nisikilize. Huna kichaa na hujarogwa. Ni mwili unabadilisha zamu. Yangu haikuja polepole kama yako, ilikatika ghafla kama bomba lililofungwa. Joto nililijua, na kukesha nilikujua. Kuna muuguzi mmoja wa Nairobi alinifundisha, na ninayokuambia ni yake.

Kwanza hiyo kahawa yenu ya tangawizi. Nakujua, unainywa hadi magharibi. Ikishapita alasiri, acha kabisa, na chai nzito pia. Katika mwezi huu mtukufu futuru kwa maji, chai iache. Ulale na baati ya pamba, si vitambaa vya nailoni vinavyong'aa unavyowauzia maharusi. Weka maji na kitambaa karibu, joto likija jipanguse shingo na usiwashe taa. Na hili ndilo kubwa: ukiona usingizi umekukataa, usibaki kitandani ukipigana nao. Ondoka, kaa mahali pengine, fanya jambo dogo lisilo na maana, kunja nguo, vuta tasbihi. Rudi macho yakiwa mazito. Kitanda kikizoea kukuona u macho, kitakuchukia. Asubuhi uamke saa ile ile hata kama ulilala vibaya, utoke juani. Na usilale mchana hadi ushibe usingizi. Anayelala mchana ameiba usiku wake mwenyewe.

Yasipofaa hayo, nenda kwa daktari. Usinunue vidonge vya usingizi sokoni.

Hukuniambia habari za mumeo. Abdiqafar hajambo? Yeye anasemaje juu ya kukesha kwako?

Ni mimi mkubwa wako,
Muhubo


Juba, 8 Aprili 2025

Dada Muhubo,

Asalaam aleikum, na Idi imetupita salama. Nilipika pilau kubwa, Robinah na mumewe wakaja kula, na nyama ikabaki. Mohamedamin hakuja, mtihani.

Mashauri yako nimeyafuata. Kahawa nimeiacha, kichwa kikaniuma wiki nzima halafu kikanyamaza. Kuondoka kitandani kumesaidia zaidi ya yote. Nilikuwa najilazimisha kulala kama mtu anayesukuma gari. Sasa nakaa mlangoni nakunja leso zilizokwisha kunjwa. Zipo siku nalala vizuri, nikaamka nikiwa mtu. Lakini joto halijanionea huruma. Wiki iliyopita nilisinzia dukani nikiwa nimeshika mkasi, nikaikata khanga ya mteja katikati ya maandishi. Mama wa watu aliiangalia akasema, "Malesh, si kitu, nitavaa nusu." Ni watu wema hapa, wakati mwingine hadi unaona haya.

Robinah akanivuta kwa nguvu hadi kliniki moja ya Nyakuron, kuna daktari mwanamke anaitwa Apajok. Alinipima presha na damu, akaniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Hakucheka. Amesema zipo dawa za homoni, zinapunguza lile joto na wanawake wengi hupata usingizi wao tena. Nilitaka anipe pale pale. Akasema, "Bado. Kwanza niambie, mama yako au dada yako wa tumbo moja amewahi kuugua titi?"

Nikamwambia mama alikufa kwa homa, na dada yangu ana nguvu kama punda. Akasema, "Usidhani. Kauliza." Kwa hiyo nauliza, ingawa jibu nalijua. Niandikie upesi mstari mmoja tu nimpelekee, nianze dawa. Nimechoka, Muhubo. Nimechoka hadi kwenye meno.

Wako,
Khadra


Juba, 18 Mei 2025

Muhubo,

Asalaam aleikum. Mvua imeanza huku, barabara ya kwenda Gumbo ni tope tupu, nasi tu wazima.

Kusow amekuja na kurudi, amekuja tena, na barua yako hana. Nilipokupigia uliniambia mtandao mbaya, na mimi nilikusikia vizuri kabisa, hadi kuku wa jirani niliwasikia. Nilipokuuliza juu ya lile swali la daktari ulisema, "Nitaandika." Mtu anayejibu hapana haandiki, anasema hapana.

Nimemuuliza Kusow alimwona nani nyumbani. Akasema Intisar ndiye alimpokea mlangoni, hakumkaribisha ndani, akamwambia mama amelala. Nikamuuliza ilikuwa saa ngapi. Akasema ni adhuhuri, jua liko kichwani.

Wewe uliyenikataza kulala mchana.

Sikuulizi tena kwa ajili ya dawa. Dawa na zikae. Nakuuliza kwa ajili yako.

Khadra


Isiolo, 15 Juni 2025

Khadra, mdogo wangu,

Wa aleikum salaam. Idi ya kuchinja imepita, Intisar alichinja mbuzi mmoja na nikala ini kidogo. Mvua ilinyesha siku mbili ikaondoka.

Nimeianza barua hii mara nyingi. Kaa chini kabla hujaendelea.

Mwambie daktari wako ndiyo. Dada wa tumbo moja, saratani ya titi. Unakumbuka ule mwaka niliokuambia nimehamia Nairobi kumsaidia Intisar chuoni? Hakuwa na haja ya kusaidiwa. Nilikuwa nikitibiwa. Walilitoa titi la kushoto, kisha wakanitia dawa kali, na dawa hizo ndizo zilizoikata hedhi yangu kama bomba. Sikukudanganya hapo, nilikunyima nusu tu. Muuguzi aliyenifundisha kulala alikuwa wa wodi ile. Wanawake wote mle ndani tulikuwa tunawaka moto na kukesha, naye alitufundisha mmoja mmoja kama watoto wa madrasa.

Nilipona. Nilibeba madumu yangu, wewe ukaniona kwenye harusi ya Kusow nikicheza, hukujua. Sasa ugonjwa umerudi. Uko mifupani, na kwenye ini. Madaktari hawasemi tena kutibu, wanasema kupunguza maumivu. Kwa hiyo nalala mchana, Khadra, kwa sababu usiku mifupa hainiruhusu.

Na mama hakufa kwa homa. Mimi ndiye niliyemwosha pamoja na habaryar zetu, dada zake mama. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa nje unacheza. Niliona kifua chake. Habaryar mkubwa alikifunika upesi akaniambia, "Hukuona kitu." Nikawa sikuona kitu tangu siku hiyo hadi leo.

Nilitaka kuendelea kunyamaza. Ulipoondoka kwenda Juba ulikuwa unalia kama mtoto, nikasema huyu akijua ataacha duka, ataacha mume, atakuja kukaa kando ya kitanda changu. Lakini daktari wako ameuliza swali ambalo nikilijibu kwa uongo utakunywa dawa isiyokufaa. Siwezi kukufanyia hivyo. Nenda akakupime kifua. Nenda kesho, usingoje uwe na nguvu.

Usinipigie ukilia. Piga ukishanyamaza.

Muhubo


Juba, 2 Julai 2025

Dada yangu,

Nimepiga, nikalia, nawe ukalia, tukakata simu bila kusema lolote. Ndiyo maana naandika.

Nimekukasirikia sana. Nilirarua barua yako, kisha nikaiunganisha kwa gundi kwenye meza ya duka, Robinah akinishikia vipande bila kuuliza. Ulipokuwa unatapika Nairobi mimi nilikuwa hapa nikikutumia picha za madirac mapya, yale magauni ya harusi, nikikuuliza lipi zuri. Nawe ukanijibu, la zambarau.

Daktari Apajok amenichunguza, kisha akanipeleka kupigwa picha ya kifua. Hawajaona kitu. Amesema nitarudi kila mwaka bila kukosa, na kwa historia yetu hatanipa homoni. Amenipa dawa nyingine, si ya homoni, ya kupunguza joto, na ameniambia niendelee na yale uliyonifundisha wewe. Alisema hata yeye asingesema zaidi. Nilimwambia nani amenifundisha. Akaweka kalamu chini, akasema, "Nenda ukamwone."

Sasa na mimi nikuambie langu, kwa kuwa uliniuliza nami nikakwepa. Abdiqafar ana mke mwingine. Ni msichana wa Garissa, amempangia nyumba Gumbo ng'ambo ya daraja. Nilipomwambia hedhi imekoma alifikiri kidogo, akasema kwa upole kabisa, "Basi wewe umeshamaliza, Khadra." Mwezi uliofuata akaoa. Siku zangu anakuja akichelewa, analala chumba cha Mohamedamin, anasema nikigeukageuka namwamsha. Joto huniamsha, hilo ni kweli, lakini joto hupita. Kinachonizuia kurudi usingizini ni yeye. Nalala nikisikiliza kama lango litafunguliwa. Sikukuambia kwa sababu wewe ndiye uliyemkataa alipokuja kuniposa, na mimi ndiye niliyekulilia umkubali.

Ninakuja. Robinah atanishikia duka. Kibali kikitoka nitapanda basi la kwenda mpakani Nimule. Usinikataze.

Khadra


Isiolo, 19 Julai 2025

Khadra,

Intisar anaandika, mimi nasema. Vidole vimevimba.

Sikukatazi. Nilijifanya nitakukataza, lakini Intisar ananicheka. Njoo.

Kuhusu Abdiqafar, nilimkataa kwa sababu alikuja kuposa akiwa ameazima viatu, basi. Sikuwa na busara yoyote, usinipe sifa. Na aliyekuambia umemaliza ni mwongo. Mwanamke hapimwi kama debe la maziwa, kwamba likiisha limeisha.

Kitanda changu ni kikubwa, cha mninga, kile cha mama. Tutalala pamoja kama zamani. Nitakuwa upande wa ukutani, kwa sababu wewe unapiga mateke.

Ukifika usilie mlangoni. Ingia kwanza.

Muhubo


Juba, 28 Septemba 2025

Intisar, mwanangu,

Asalaam aleikum. Nilifika salama, na duka nimelikuta limepangwa vizuri kuliko nilivyoliacha. Robinah aliposikia alifunga kibanda chake siku nzima akakaa nami. Mohamedamin alikuja kutoka Kampala, amekaa wiki, amerudi. Abdiqafar alikuja kutoa pole. Aliketi sebuleni kama mgeni, nikampa chai kama mgeni, akaondoka kabla ya magharibi. Nimemwambia siku zangu asije tena. Hakubisha.

Barua yako nimeipata. Umeandika kwamba huli vizuri, na kwamba tangu niondoke bila kukuaga unalisikia neno nililokuambia mbele ya wanawake waliokuja kumwosha mama yako. Nilikuambia umeniibia dada yangu. Wewe ulikuwa umekaa sakafuni umeshika miguu yake, na mimi nikakupigia kelele juu ya kichwa chako. Wanawake wale walinishika mikono. Wewe ulisema mara moja tu, "Alikataa nikuamshe, habaryar."

Nimekaa na neno lako hilo tangu siku ile. Ngoja nikuambie ninayoyakumbuka, kwa sababu labda wewe unakumbuka hasira yangu peke yake.

Pale kwenu nililala. Sikumwambia mtu, niliona haya. Nimekuja kumuuguza mgonjwa, nami usingizi ulionikimbia mwaka mzima umenikuta kitandani kwake. Hewa ya Isiolo ilikuwa ya baridi, dawa ya daktari ilikuwa imeanza kufanya kazi, na hakukuwa na lango la kusikiliza. Mgongo wake ulikuwa umebaki mifupa, lakini ulikuwa mgongo wake. Nililala kama nilivyolala utotoni. Kila asubuhi nilimuuliza, "Na wewe umelala?" Alisema, "Sana." Nikamwamini. Mtu aliyekuwa akinywa ile dawa ya maji ya kutuliza maumivu kwa kijiko, akiuma shuka ili nisisikie, mimi nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Jioni ya mwisho aliniambia nipande kitandani mapema. Alikuwa mchangamfu. Alinisimulia habari za mbuzi wetu mweupe aliyekula mkeka wa imamu, na mimi nikasinzia kabla hajamaliza. Sijui mwisho wake. Niliamka jua limeshatoka, mwili mwepesi, nikafurahi. Kabla sijageuka, nilifurahi. Hilo sitalisahau.

Sasa umeandika yote ambayo siku ile hukupata nafasi ya kuyasema. Kwamba pumzi ilipobadilika ulitaka kuniita, akakushika mkono. Kwamba alisema, "Hajalala mwaka mzima huyu. Mwache." Kwamba ulimwomba mara ya pili, akatikisa kichwa, akataka umsomee Yasini kwa sauti ya chini. Ukasoma kwa kunong'ona hadi mwisho, nami pembeni nikikoroma.

Intisar, sijakuandikia ili nikusamehe, kwa maana huna kosa. Ulimtii mama yako. Mimi nimemtii maisha yangu yote, na ningekuwa wewe ningefanya vile vile. Neno nililokuambia lilikuwa la mtu aliyepigwa, na naliondoa mbele ya Mungu. Kula. Na uende ukapimwe kifua kabla mwaka huu haujaisha, usingoje dalili. Ukiogopa peke yako nitakuja tukaingie wote. Katika familia hii hatuonyeshani vifua vyetu hadi tuoshwe, na hilo likomee kwa mama yako.

Umeniuliza kama nalala. Joto limepungua. Zipo siku nalala na zipo siku nakaa mlangoni nakunja leso.

Lakini kwa kuwa umeniuliza pia kama mama yako alifanya vyema, nami sitaki tuanze kufichana, nitakujibu. Alinipenda, nami najua. Usingizi nitaupata siku nyingi nyingine, Mungu akipenda. Ningetaka kuamshwa.

Habaryar wako,
Khadra